Utomvu wa Mti wa Damu

Usiku kucha Delmira alingoja nje ya chumba cha upasuaji, katika hospitali ndogo kando ya mto Huallaga. Ndani alikuwemo binti yake, Lisbet.

"Wifi, keti, utatoboa sakafu," alisema Nilda.

"Ule utomvu wa mti wa damu niliompa Lisbet, niliusugua kiganjani, ukatoa povu jeupe," alisema Delmira. "Haukutiwa maji."

"Nani kasema ulikuwa feki?"

Utomvu mwekundu ulikuwa halisi, na dawa iliyomo ndani yake ilifanya kazi: matone machache tu, kuhara kwa Lisbet kukakoma. Delmira akamshukuru Mungu, akamlaza mtoto nyumbani badala ya kumleta hospitali. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kinaoza kimyakimya.

Alfajiri mlango ulifunguka. Daktari alitoka, akavua kofia, akamtazama Nilda kwanza, kama anayetafuta wa kumshika Delmira asianguke.