Nyuzi Mbili Zilizongojana

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, enzi ambazo kompyuta ya chuo chetu kule Buruburu ilikuwa na chumba chake peke yake, na sisi wanafunzi tukilala wawili kitanda kimoja. Mwenzangu alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma. Tulipanga chumba pamoja mtaa wa Umoja, tukala sufuria moja.

Mwalimu wetu Mutiso, mzee wa mvi, alitupa zoezi: programu moja yenye nyuzi mbili za kazi, ziende kwa pamoja. Kila uzi ulihitaji faili na printa, na kila kimoja kilikuwa na kufuli yake ya kushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati, zisinyang'anyane. Mimi niliandika uzi mmoja, Wafula wa pili. Tukakompaili, yaani tukaigeuza kuwa lugha ya mashine, hakuna kosa. Tukaendesha, kimya. Uzi wangu ulikuwa umefunga faili, unangoja printa. Wake umefunga printa, unangoja faili.

"Geuza yako, boi," nikasema.

"Mbona yangu? Geuza wewe."

"Yangu nimeikagua mara mbili."

"Ungeikagua ya tatu ungeona aibu!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Vijana, mashine ni nzima. Inawaiga nyinyi. Mmoja akiachilia, wote mtapita."

Hakuna aliyeachilia. Jioni Wafula alikunja blanketi lake, akahamia mtaa wa Mowlem. Kutoka Umoja ni mwendo wa kumaliza pakiti moja ya njugu. Lakini mimi, niliyezoea kushusha bei ya viatu sokoni Gikomba kwa kujifanya naondoka, nilijua anayerudi kwanza ndiye anayelipia. Nikangoja arudi. Masika yakaingia, yakatoka. Nikasikia kwa watu kwamba anakohoa; nikajiambia, akipona atakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na laiti ngoja yangu ingeishia tumboni. Homa ya mapafu ilimchukua.

Matangani, kaka yake alinishika mkono. "Wewe ndiwe Karanja? Kila mlango ukibishwa alikuwa akiniambia, 'Fungua, huenda ni yule mkaidi.'"



Ile programu niliimaliza peke yangu: nyuzi zote zishike faili kwanza, ndipo printa. Nilibadilisha mistari miwili. Nikaihesabu tena, ikabaki miwili.

Basi, mwanangu, ukigombana na mtu wako, usipime nani atangulie. Achilia wewe, uende, hata kama haki ni yako. Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kubisha, na kila unayempenda umkute yupo wa kukufungulia.