Kitundu cha Kofia ya Elamine

Enzi za Wafaransa, Hasnati wa kisiwa cha Nosy Be alikuwa fundi wa kofia, na kofia aliyomshonea mumewe Elamine ilimla macho kwa miaka miwili. Ndoa yao ilikuwa ndoa ndogo tu: kadhi, mashahidi na sinia la wali. Kwao Wakomoro hiyo haitoshi. Mwanamume huhesabiwa mtu siku anapofunga harusi kuu, mji mzima ukala na kucheza, na Elamine alikula yamini kwamba bibi harusi wa siku hiyo atakuwa Hasnati, si mwingine. Kisha akaenda Mahajanga kufanya kazi bandarini.

Kofia ilipokaribia kwisha, Hasnati aliacha kitundu kimoja cha nakshi utosini bila kukizungushia uzi. Alitaka kukimalizia asubuhi ya harusi, bwana harusi akimsubiri mlangoni. Hakuna aliyemfundisha; ni mambo ya mtu anayependa, tusimcheke. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mama yake mdogo Zaharia, siku alipompa kofia ampelekee Elamine huko Mahajanga.

Zaharia alikaa huko mwezi mzima, akarudi na habari njema: Elamine anamwita mkewe. Mwanamke wa heshima hasafiri bila jamaa, kwa hiyo mama mdogo angemsindikiza. Wakavuka kwa mashua hadi Antsahampano, bara, wakapanda basi la mabenchi ya mbao litakalokwenda usiku kucha. Dereva aliwapanga kwa Kimalagasi na matusi ya Kifaransa. Zaharia alimng'ang'aniza Hasnati wakae nyuma kabisa, eti mbele kuna upepo, naye mwenyewe akajifunika nguo yake ya shiromani hadi machoni. Nyuma kulikuwa na vumbi na gunia la samaki wakavu. Hasnati hakujali, alikuwa na furaha. Usiku ule, kila basi lilipomrusha, alicheka.

Alfajiri wakafika mtoni, abiria wakashuka kusubiri pantoni. Zaharia alikuwa amepitiwa na usingizi, akabaki kwenye benchi ndani ya basi. Abiria mmoja wa mbele, kijana wa Kikomoro, aliinama kunawa uso, na Hasnati akaiona kofia yake kichwani mwa mtu asiyemjua. Akamsalimia kwa Kikomoro, akaisifu kofia, akamwuliza kaipata wapi. Kijana, jina lake Mikidache, akajibu kwa fahari kwamba kapewa na shemeji yake Elamine, aliyeivaa mwezi uliopita alipofunga harusi kuu na dada yake yeye Mikidache. Mahajanga nzima ilikula, akasema.

Hasnati akaiomba aitazame. Alitumaini macho yanamdanganya. Kitundu cha utosini kilikuwa kimezungushiwa uzi mnene, kwa mkono usiojua kazi.

"Hiki kakimalizia nani?"

"Dada yangu, asubuhi ya harusi," akasema Mikidache. "Tuliambiwa ndiyo mila ya Nosy Be. Mama mmoja wa huko ndiye aliyemwonyesha, na vigelegele yeye ndiye aliyetangulia kuvipiga."

Zaharia alikuwa ameamka, anakuja mbio, shiromani limemwanguka mabegani. Mikidache akamnyooshea kidole, akatabasamu. "Huyu hapa."

Elamine kumsaliti, hilo moyo ungelibeba. Wanaume wangapi wameapa! Lakini Zaharia ndiye aliyemlea. Hasnati akaketi kwenye mchanga, kofia mkononi.

"Mwanangu, nilitaka ukayasikie kule, mbele ya wazee," akasema Zaharia. "Mbele za watu usingepiga kelele, ungeyakubali."

Kumbe hata safari yenyewe ilikuwa kamba ya kumfunga mdomo. Hasnati aliuuma ule uzi mnene, akauvuta taratibu mpaka wote ukatoka, kitundu kikabaki wazi kama alivyokiacha. Akamrudishia Mikidache kofia yake.

"Mwambie dada yako," akasema, "sisi hatuna mila hiyo."

Pantoni ilipofika, basi likapanda, na Zaharia akapanda nalo, akimwita kwa jina la utotoni. Hasnati alibaki ng'ambo ya huku na furushi lake. Gari la kwanza lililotokea kuelekea Antsahampano alilisimamisha mwenyewe, akapanda peke yake, bila jamaa.