Daftari la Vipimo la Mama Futi

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alishona nguo za wanawake kwa miaka thelathini na miwili katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikushuka shingoni tangu asubuhi hadi alipofunga mlango. Chumbani mlikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembe moja, na pazia zito la kijani. Nyuma ya pazia hilo ndipo alipopimia. Hakuwahi kutamka kipimo kwa sauti. Alikishika kichwani, akatoka, akakiandika.

Alikiandika katika daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa mwandiko ule wa kulaza ambao sisi wa zamani tulifundishwa kwa kuchapwa rula vidoleni. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake wenye jina kamili. Zamani aliwahi kuandika majina ya utani tu, na gauni la bibi harusi likaenda kwa mama mkwe, ambaye, bila aibu, alilijaribu. Chini ya tarakimu aliongeza yale ambayo mwili ulihitaji: bega lililoshuka, mguu mmoja mfupi, kovu lisilostahimili mshono mgumu.

Miongoni mwa wateja hao alikuwamo Mwalimu, mwanamke wa makamo aliyefundisha shule ya msingi ya jirani, rafiki wa shemeji tangu ujana wao. Miaka minne kabla ya haya, Mwalimu alilazwa hospitali, akarudi bila titi la kushoto. Shuleni alisema amepasuliwa tumbo. Waliojua ukweli ni mumewe, daktari wake na Mama Futi, ambaye alimshonea magauni yenye sponji upande ule kwa ustadi mkubwa mno. Mimi niliyesoma gazeti kibarazani pale kila asubuhi sikujua lolote, mpaka siku ambayo kila mtu alijua.

Mwaka jana binti mkubwa wa shemeji alirudi nyumbani baada ya kampuni aliyofanyia kazi kufungwa. Aliona wateja wamepungua, akamfungulia mama yake akaunti mtandaoni. Alirekodi video fupi fupi: mkasi ukikata, cherehani ikikimbia, pindo likigeuzwa. Watu walizipenda. Shemeji, aliyekuwa akishikilia kwamba simu ni ya kupigia tu, sasa aliuliza kila jioni ni wangapi wametazama. Nilimtania kwamba karibu tutapanga foleni ili tumwamkie.

"Shemeji, wewe endelea na gazeti lako la jana," alinijibu. "Watu wa leo wananitazama mimi."

Jumanne moja binti aliomba kulirekodi daftari likiwa limefungwa. Mama ndiye aliyelifungua. Nalisema hili waziwazi, kwa kuwa baadaye mtaa ulimbebesha binti lawama zote, na haikuwa haki. Shemeji alijivunia mwandiko wake kuliko hata ushonaji wake, naye alitaka watu waone kazi iliyopangwa. Akautafuta ukurasa uliokuwa safi kuliko zote, usiofutwa hata mahali pamoja, kwa maana aliuandika polepole, kwa uangalifu wa mtu aandikaye habari za ampendaye. Ulikuwa ukurasa wa Mwalimu. Binti alimwuliza kama hapana neno. Akajibiwa kwamba picha hizi zinapita kama gari barabarani, na nani anayesoma namba ya gari lililo mbioni? Shemeji hakujua kwamba video husimamishwa kwa kidole kimoja na kukuzwa kwa viwili.

Ukurasa ule ulionekana kwa sekunde tatu.

Kesho yake mzazi mmoja aliisimamisha video, akaikuza, akaipiga picha, akaituma katika kundi la wazazi wa shule. Jina kamili, kifua, kiuno, nyonga, na mstari wa mwisho: "Kushoto hakuna. Sponji, tabaka tatu." Kufikia Ijumaa picha ilikuwa imewafikia wanafunzi wa darasa la saba, na mmoja wao alichora ubaoni mchoro ambao sitaueleza. Mwalimu aliufuta, akafundisha kipindi chake hadi mwisho, kisha akaenda ofisini kuomba likizo.

Binti aliiondoa video dakika ile ile aliyopata habari. Ikambidi amweleze mama yake kwamba iliyofutika ni ya kwao tu. Zilizokwisha kuingia katika simu za watu hazikuwa na wa kuzifuta. Aliwaandikia malalamiko wenye mtandao, wakamjibu kwa kumshukuru kwa kuwasiliana nao.

Jumapili shemeji alikwenda kwa Mwalimu. Niliandamana naye. Mwalimu alitukaribisha vitini, akauliza kwa sauti ya kawaida kama ni kweli daftari lilifunguliwa na binti.

"Ni mimi, dada," shemeji alisema. "Mtoto hakuligusa."

"Laiti angekuwa yeye. Mtoto ningemsamehe."

Shemeji alilia, akaahidi kulichoma daftari lote. Mwalimu alimwacha amalize, akamwarifu kwamba amekwisha kupata fundi mwingine, upande wa pili wa mji, asiyemfahamu. Hapo shemeji alisahau machozi. Aliomba karatasi na kalamu amwandikie fundi huyo namna ya kuikalisha sponji, kwa kuwa asiyejua angeukaza mshono wa kwapani na nguo ingevuta.

"Usiandike tena kitu chochote kinachonihusu," Mwalimu alisema. "Hata kiganjani mwako."

Akatusindikiza hadi mlangoni kwa adabu kamili, kama anavyowasindikiza wakaguzi.

Miezi mitano baadaye tulikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, na Mwalimu alikuwa mbele yetu, akitanguliwa na mtu mmoja. Alivaa gauni jipya la buluu. Shemeji hakumwita. Alikaza macho upande wa kushoto wa gauni, ambako kitambaa kilivuta kwapani na sponji ilikuwa imepanda juu kuliko titi la kulia kwa upana wa kidole. Mkono wake uliinuka wenyewe, ukaishia kwenye mkanda wa mkoba.

"Kufumua kidogo tu, shemeji," aliniambia kwa sauti ndogo. "Nusu saa."

Mwalimu alipokea dawa zake, akageuka, akatuona. Aliuinua mfuko hadi kifuani, upande ule ule, akatupita.