Nilificha kizazi kilichoshuka miezi saba nikidhani ni cancer

Wakuu, sasa. Hii nimeandika nikafuta mara tatu. Yote ni vile ilinitokea, majina tu ndiyo sitaweka.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima viazi huku upande wa Gilgil. Mwaka jana tukivuna, nilibeba gunia kutoka shamba hadi barabarani. Jioni nikioga, mkono ukagusa kitu laini kama yai kimetokeza huko chini.

Nilisimama hapo mpaka maji ya beseni ikapoa.

Mamangu alikufa na cancer ya kizazi. Yeye pia alianza kwa kuficha. Kwa hivyo nikajiambia yangu imefika.

Sikuambia mtu.

Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikiinua sauti kwa kwaya, unatoka. Nikaacha kwaya. Bwanangu akinikaribia nasema tumbo inauma, mwishowe nikahamia kitanda cha wasichana wetu. (Wanawake wa hapa mnajua hiyo uongo vile huchosha.)

Mwezi wa saba wa kuficha, siku moja mkojo ulikataa kutoka kabisa. Toka asubuhi hadi saa nane mchana. Tumbo ikawa ngumu, jasho inanitoka. Nikamwita bwanangu kutoka shambani nikamwambia yote nikiangalia chini.

Aliweka jembe chini.

"Miezi saba nimekuwa nikidhani uko na mwanaume mwingine," akasema. Kisha akatoka kuazima gari ya kutupeleka Nakuru.

Hospitali waliniwekea mpira wa kutoa mkojo, nikapumua. Daktari, msichana mdogo, akanipima. Nilimuuliza bila kumwangalia, "Ni cancer?"

"Hapana mathe. Kizazi imeshuka. Misuli ya kuishikilia imelegea, ni kuzaa na kubeba mizigo. Naona wamama wengi na hii, na wengi wamekaa nayo wakiogopa."

Nilipomwambia juu ya mamangu, alinipima cancer pia. Kungoja majibu ilikuwa mbaya kuliko ile miezi saba. Nilikuwa nikisikia simu ikilia naweka sufuria chini. Majibu yakarudi safi.

Aliniwekea ring, pete laini ya kushikilia kizazi juu, akanifundisha mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini. Gunia nilikatazwa.

Tukirudi nyumbani, bwanangu aliendesha mpaka tukapita Kikopey. Hapo akaniuliza, "Na ungekufa, mimi ningewaambia watoto nini?"

 

Nimejifunza kwamba nilikuwa naogopa kitu ambacho sikuwa nacho, na kile nilikuwa nacho kina dawa. Mama, ukigusa kitu usichokielewa, enda upimwe wiki hiyo hiyo. Na wewe bwana, bibi akihama kitanda, muulize kwanza.

Sasa ring inateleza kila mara, daktari anasema ni operation. Nimepewa tarehe na naogopa sana. Kama kuna mwenye amefanyiwa hii, ama bibi yake, niambieni ukweli. Mliamka aje?