Bunduki ya Mbuyi

Godefroid Kalumba aliuza bunduki za kuwindia mjini Kolwezi miaka ishirini na miwili, na kwa ukali wake watu wakamwita Tata Sheria, yaani Baba Sheria. Sheria yenyewe aliijua kama Baba Yetu: bunduki anakabidhiwa mwenye kibali, yeye mwenyewe, uso ulingane na picha; namba iliyochongwa kwenye chuma isomwe, mtu atie sahihi, risasi zifungwe mbali. Ukisema umetumwa na kaka yako, unaondoka mikono mitupu. Hata padri alirudishwa, weh, na kanzu yake!

Ukali wote huo uliangushwa na mapasa, ndio mapacha.

Mbuyi, mkulima wa Kasaji, aliomba kibali kwa sababu nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake. Alifundishwa kushika bunduki, akapimwa, akakubaliwa. Siku ya kuichukua malaria ikamlaza, akampa kibali pacha wake, Kabanga wa Musonoi, ambaye bunduki alikuwa anaziona tu kwa mapolisi.

Kabanga hakudanganya. "Tata, mi ni Kabanga. Mbuyi iko mugonjwa."

Mtu mwingine yeyote angefukuzwa. Lakini kwetu, jamani, nani humpa pacha mmoja akamnyima mwenzake? Ukimkasirisha mmoja, wote wawili wanakutia mkosi. Mzee akacheka. "Mapasa ni mutu mumoja. Tia sahihi: Mbuyi." Akampa bunduki na risasi ndani ya mfuko mmoja.

Kabanga alifika Kasaji, akaijaza risasi kwa furaha, ndugu yake bado yuko kitandani. Ikafyatuka. Mbuyi akafa palepale.

Polisi walipoiona sahihi walisema Kabanga aliiba kibali ili amuue ndugu yake, abaki na shamba. Wakamfunga. Neno moja la Godefroid lingemwondolea shutuma hiyo: kwamba alijua ni Kabanga. Neno hilohilo lingemfungia duka, na huenda lingemfunga yeye mwenyewe. Siku nne aliona aibu. Siku ya tano akaenda kwa mwendesha mashtaka, akasema yote. Wakachukua ufunguo wa duka, wakamwambia asubiri kuitwa.

Kesho yake akapanda pikipiki mpaka Musonoi, kwenye kilio, kwa mama wa wale mapasa. Pacha akifa haliliwi, asije akamvuta aliyebaki. Kwa hiyo wanawake waliimba na kucheza, midomo ikitetemeka. Godefroid akapiga magoti mbele ya mama, akamwita kwa jina la heshima la mzazi wa mapasa.

"Mwa Mbuyi, nilijua ni Kabanga. Nikasema mapasa ni mutu mumoja."

Mama akajifuta uso kwa kitenge.

"Uchungu wa kuwazaa nilisikia mara mbili, tata," akasema. "Mara mbili."

Akainuka, akarudi kucheza na wenzake. Godefroid akabaki pale chini, na hata kulia haruhusiwi.