Shamba la Pili la Tovuti

Katika ofisi ya kukodisha seva, kompyuta zinazobeba tovuti, mjini Nakuru, mama mmoja wa Kuresoi aligonga kaunta kwa ufunguo, akagonga tena. Tovuti anayopokelea oda za viazi ilikuwa imezima, na lori lake lilisimama Mai Mahiu, dereva hajui ampelekee nani mzigo.

"Boss, uliniambia haizimi."

"Mathe, hakuna seva isiyozima," kijana wa kaunta akajibu. "Kwani viazi unapanda shamba moja?"

"Mawili. Baridi ikichoma la bondeni, la mlimani linabaki."

"Basi hata tovuti inataka shamba la pili, seva nyingine ya akiba."

Mama aliuweka ufunguo kwenye kaunta. "Na mbona hukuniambia wakati wa kupanda, siku nilipolipia seva?"

Kijana akamwandikia bei ya seva ya pili. Ukweli wa seva hutufikia sisi wateja lori likiwa limeshapakiwa.