Kicheko cha Msibani Kilichonipa Stashahada

Nawakumbuka wote waliosema sitaweza, mwanangu. Tulipanga nyumba moja Ilford, ughaibuni, Watanzania wanne, na siku niliyowaambia nimejiandikisha kusomea stashahada ya fasihi na utamaduni wa Ayalandi, walicheka mpaka ugali ukaungua. Shemeji yangu Saidi akaniuliza, "Wewe Mzaramo wa Kisarawe, Waayalandi wamekutuma?"

Mchana nilihudumia wazee, jioni nilikwenda darasani. Mwafrika nilikuwa peke yangu, na kwa kusoma vitabu hakuna aliyenipita.

Mada yangu ilikuwa mikesha ya misiba ya Ayalandi ya zamani, ambako watu walicheza na kufanya mizaha huku maiti amelazwa palepale. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuzungumza mbele ya walimu. Ukishindwa, hupati stashahada. Nikaanza kusoma karatasi yangu: fulani kasema hivi, mwingine kasema vile. Profesa, mama wa Kiayalandi mwenye mvi, akanikatiza.

"Hao nimewasoma. Wewe unadhani walicheka kwa nini?"

Nikaiweka karatasi chini, nikawasimulia mazishi ya babu yangu. Mzee Masanja, Mnyamwezi, mtani wetu, aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe chake, maana marehemu alikuwa mchoyo. Kisha akaigiza babu alivyokuwa akikohoa kila akiombwa kitu. Bibi, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akacheka. Baada ya kucheka ndipo akaweza kulia.

"Lakini mzaha ule una wenyewe, ni watani tu," nikawaambia. "Mtoto wa marehemu haruhusiwi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza walicheka nini, tuulize nani alikuwa na haki ya kuanza."

"Kijijini kwetu alianza jirani," Profesa akasema taratibu. "Ndugu, kamwe. Na miaka yote hii sikujiuliza kwa nini. Endelea."

Nikaendelea mpaka muda ukaisha. Nilifaulu, tena kuliko darasa zima. Stashahada ipo sebuleni kwangu, na mgeni asiyeiona namwonyesha.

Basi mwanangu, ukienda kusoma mambo ya watu, yasome mpaka wenyewe wakukubali, lakini usiingie darasani kama mtu asiye na kwao. Uliyoyaona kwenye misiba na harusi za kwenu ni elimu. Yaseme bila kuona haya. Mungu akupe macho ya kuona mbali, na ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa.